Kigingi Jikoni kwa Kalunde

Kalunde alirudi kutoka kisimani akakuta kigingi cha mpaka kimepigiliwa ndani ya jiko lake, kando ya mafiga. Siku iliyotangulia, wapima ardhi walikuwa wamekipigilia nje ya ukuta; asubuhi hiyo walikuwa wamerudi kuhakiki vipimo.

"Kwa hivyo sasa ninapika kwa Kivuva?" alifoka.

Kivuva, jirani yake, alisonya. "Mimi sikuomba jiko la mtu. Hawa watu wanatuchosha."

Ilikuwa mwaka wa 1987, Kasikeu, na jua lilikuwa kali. Wapimaji walikuwa wawili, Gicheru na mwenzake Mumbua. Mashine yao mpya ilitupa mwanga usioonekana mpaka kwenye kioo kilichosimamishwa mbali, mwanga ukarudi, mashine ikatoa umbali.

"Ni joto, mwaitu," Gicheru alimwambia Kalunde, akimwita mama kwa Kikamba. "Hewa ikipata moto, mashine inadanganyika."

Walirekebisha kipimo cha joto, wakarudia kazi yote kuanzia barabarani. Kigingi kikaangukia palepale jikoni.

"Basi ni stendi yako ya kioo," Gicheru akamgeukia Mumbua. "Umeiacha imelegea."

"Stendi nimeikaza mbele yako! Kila kitu ni mimi?" Mumbua alishika kiuno. "Hebu tupime kipande kimoja kizima, halafu tukigawe vipande viwili, tupime kila kimoja, tujumlishe."

Walipima. Vipande viwili havikulingana na kile kizima. Vilipungua kwa upana wa vidole viwili. Wakajaribu penye umbali mrefu zaidi, upungufu ukawa uleule.

"Joto lingekosea zaidi kwa umbali mrefu," Mumbua alisema. "Hili ni kosa lilelile kila mahali. Gicheru, kioo hiki ni chetu?"

Gicheru alitikisa kichwa. Kioo chao kilikuwa kimevunjika jana jioni, naye akaazima kingine cha kampuni tofauti. Kila aina ya kioo ina namba yake ya kuwekwa kwenye mashine, naye hakuibadilisha. Kosa la vidole viwili, likirudiwa kila kituo cha kupimia toka barabarani, lilikuwa limefika jikoni.

"Na ulinitukana kwa stendi," Mumbua alisema.

"Nimekosa. Nisamehe."

Mumbua aligeukia mashine. Aliweka namba sahihi, wakaanza upya, mashati yamelowa jasho. Jioni kigingi kilirudi nje ya ukuta.

"Na kesho kitakuwa chini ya kitanda?" Kalunde aliuliza.

Kivuva hakungoja wajibu. Alichukua nyundo mkononi mwa Gicheru, akakipigilia mwenyewe mpaka kikakaribia kuzama.

"Hapa ndipo," alisema. "Sasa nendeni nyumbani."