Mchicha wa Kando ya Uzio

Mvua ikinyesha Carrollton, Texas, mchicha ulijiotea wenyewe kando ya uzio, nyuma ya nyumba za kupanga. Majani mapana, ya bure kabisa, na wenyeji waliyapita kama takataka. Melania, Mtanzania aliyepanga hapo, aliwaonea huruma. Siku hiyo hakuwa na zamu, akachuma mafungu mawili, moja lake, jingine akampelekea Badria, jirani Mzanzibari wa ghorofa ya juu, ambaye alikuwa amefunga.

Lake aliliunga kwa karanga, akala na ugali wa moto, akashiba vizuri. Kabla hajaosha sahani, tumbo likamsokota. Mumewe, Gelasius, alirudi kazini akamkuta ameinamia sinki anatapika.

"Umekula nini, Mama Queen?"

"Mchicha wa pale nyuma."

"Pale si wamepiga dawa ya magugu jana? Nimepishana nao nikienda job, wana matangi mgongoni. Sikujua kama ungechuma."

Gelasius akashika simu kupigia wahudumu wa dharura ya sumu. Melania hakumsubiri. Alipanda ngazi ameshika ukuta. Badria ana watoto wadogo.

Badria alifungua mlango na mwiko mkononi. "Karibu, shoga. Mchicha wako n'meutia nazi, twangoja magharibi tu."

"Watoto wameonja?"

"Bado."

"Umwage. Una sumu."

Badria hakuuliza mara mbili. Aliumwaga wote, tui na yote, ndipo akakaa sakafuni. Watoto walifuturu kwa tende na mayai ya kukaanga, wakigombania kipande cha mwisho. Melania, na glasi yake ya maji aliyoagizwa na nesi wa kwenye simu, aliwatazama wakitafuna akajisikia mwenye bahati kuliko watu wote wa Texas.

Kesho yake Melania na Badria walimwendea meneja wa nyumba hizo. Walitaka aweke kibao kila dawa inapopigwa.

"Hapa watu hawali magugu," meneja alisema. "Na kibao cha sumu kitanikimbizia wapangaji."

Jioni kibao kiliwekwa kweli. Kilisema ni marufuku kuchuma mimea. Dawa haikutajwa.

Melania alitoka na Badria, kalamu ya wino mzito mkononi, akaanza kuandika chini yake, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kwamba hapa pamepigwa sumu. Meneja alisimama dirishani kwake akiwatazama.

"Andika kubwa zaidi, shoga," alisema Badria. "Asije akasema hakuona."