Simu Kavu Hadi Masimba

Mwaka jana walimwita mwongo mbele ya umati, na jina likamganda kama utomvu wa ndizi. Nyanchoka alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Kiogoro hadi Masimba, mlima kwa mlima, mvua ikimpiga usoni, akafika wa kwanza miongoni mwa wanawake. Lakini simu yake ilikuwa imeingia maji na kuzima huko Keumbu. Katika mashindano yale kila mtu hubeba simu yenye programu inayochora njia anayopita, na kamati huutazama mchoro huo kabla ya kumtambua. Mchoro wa Nyanchoka ulikatikia Keumbu. Walter Ogari, katibu wa kamati, alishika kipaza sauti akasema huenda mama huyu alipakia baiskeli kwenye lori. Watu wakacheka. Alipofika kwao Nyaramba, habari ilikuwa imemtangulia, na sokoni wakaanza kumwita Mama Lori.

Mumewe, Machogu, alimshauri ayaache. Wao ni watu wa chai na ndizi, alisema, na mambo ya mashindano yana wenyewe huko mjini. Mzee mmoja wa kanisa naye alimkumbusha kwamba mwanamke aliyekwisha kuozesha binti hana haja ya kuonekana barabarani amevaa kaptura. Nyanchoka aliwasikiliza kwa adabu, akawapa chai, akamsindikiza mzee hadi langoni. Kisha akajiandikisha upya. Mashindano yalikuwa Jumapili, na kanisa lao husali Jumamosi, hivyo hayakugusa Sabato ya mtu.

Miguu haikumpa wasiwasi. Kila siku ya soko alipeleka mikungu ya ndizi kwa baiskeli, na milima ya Nyaramba aliijua kama jiko lake. Kilichomnyima raha ni simu. Msimu mzima wa mvua aliifanyia majaribio. Kwanza aliifunga kwenye mfuko wa nailoni wa mkate na kuitia kifuani. Maji ya mvua hayakuingia, lakini joto la mwili lilifanya mfuko utoe jasho kwa ndani, na kioo kikaota ukungu. Akajaribu mkebe wa plastiki nyuma ya kiti. Barabara ya mawe ikautikisa mpaka kioo cha simu kikapata ufa pembeni. Machogu aliuona ule ufa, akaguna, akaenda zake shambani.

Mwishowe alikwenda kwa Onsongo, fundi wa pancha, akaomba kipande cha tyubu kuukuu. Onsongo alimwuliza ya baiskeli au ya pikipiki. Nyanchoka akamwambia ya lori, kwa sababu ni pana, na kama kuna mtu ana neno la kusema juu ya lori aliseme sasa hivi. Onsongo akachukua kisu. Alimkatia kipande na mikanda miwili ya mpira ya kufungia.

Nyumbani hakuitia simu mara moja. Aliweka unga wa mahindi ndani ya kile kipande, akakunja ncha zote mbili, akazikaza kwa mpira, akakizamisha ndani ya beseni la maji na kuweka jiwe juu. Alifua nguo, akaanika, akarudi. Alipofungua, unga ulipeperuka mkononi mwake. Machogu, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote huo, alichota kidogo kwa kidole akausugua.

"Mkavu," alisema.

"Mkavu, Baba Ombati," Nyanchoka alimjibu mumewe.

Hakumshauri tena aache. Siku ya mashindano ilipofika alitia oili mnyororo wa baiskeli kabla mkewe hajaamka.

Walitakiwa kuanza asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Lakini mgeni wa heshima alichelewa, na kamati ikakataa kuanza bila yeye, na kila mtu wa Kisii anajua mbingu hufanya nini baada ya adhuhuri. Walipoachiliwa pale Kiogoro, mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya vilima. Nyanchoka alikuwa ameizungushia simu fulana kavu ya pamba, akaitia ndani ya tyubu, akaifunga chini ya kiti. Vijana wenye baiskeli nyembamba waliitazama soseji ile nyeusi wakanong'onezana. Yeye aliangalia barabara.

Mvua iliwakuta Keumbu, mahali palepale pa mwaka jana. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika. Maji mekundu yalikata lami kutoka mashambani, magari yakawarushia tope, breki zikawa zinalia bila kushika. Nyanchoka aliinamisha kichwa akakanyaga. Kila alipopita mtu aliyejikinga chini ya paa la duka, alikanyaga zaidi. Hakusimama hata mara moja kuipapasa simu. Alikwisha kuamua kwamba akifika, amefika.

Baada ya Keroka alimwona msichana aliyekuwa akiongoza wanawake, Ashley, mwanafunzi wa chuo kutoka mjini, amesimama kando ya barabara na baiskeli yake ya bei. Simu yake alikuwa ameifunga kwenye usukani ndani ya kifuko cha dukani chenye zipu. Sasa kifuko kilikuwa kimejaa maji kama chupa, na msichana alikuwa analia.

Ilikuwa rahisi kupita. Mbele hapakuwa na mwanamke mwingine, na jina la Mama Lori lingekufa siku hiyo hiyo. Nyanchoka alipita kweli, hatua chache, kisha akafunga breki. Aliujua ule uso. Ulikuwa wake.

"Mbona umesimama?"

"Simu imezima, anti. Hata nikifika watasema sikufika."

"Kwani unaendesha simu? Panda baiskeli."

Wakaenda pamoja. Kwa muda mrefu walikuwa sambamba. Kilima cha mwisho kabla ya Masimba kilipoanza, Nyanchoka aliinuka kwenye kiti akatoa kila alichokuwa nacho, kwa maana hakuwa amefunga breki kule nyuma ili ashindwe kwa hiari. Ashley alikuwa na mapafu ya umri wake. Alimwacha urefu wa baiskeli moja, na hivyo ndivyo walivyovuka utepe, mbele ya maduka, watu wakishangilia chini ya miavuli.

Kamati ilikagua simu. Ya Nyanchoka ilitoka ndani ya tyubu ikiwa na joto la pamba, na mstari wake ulinyooka bila kukatika tangu Kiogoro. Walter Ogari aliutazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamwita jukwaani akamtangaza mshindi. Ashley, alisema, hana mchoro, hivyo hatambuliki.

Nyanchoka alinyoosha mkono kana kwamba anaipokea medali, akachukua kipaza sauti.

"Mimi ni wa pili," alisema. "Huyu msichana alinipita kilimani, nanyi mmeona. Kama hakufika, niambieni ni nani aliyenipita."

Walter alimwambia taratibu kwamba sheria ni sheria, mama, na kwamba anajinyima mwenyewe. Nyanchoka alijibu kwamba sheria isiyoona mtu aliyesimama mbele yake akitona maji inahitaji miwani. Akakaa chini jukwaani, na tope lake, kipaza sauti mapajani. Walijaribu kumbembeleza. Hakuondoka. Mvua ikaendelea, watu wakaanza kuliita kwa sauti jina la Ashley, kwanza wachache, halafu waendeshaji wanaume wenyewe. Mwishowe mgeni wa heshima, ambaye viatu vyake vilikuwa vimelowa, aliichukua medali kutoka mkononi mwa katibu akamvisha msichana. Nyanchoka akavishwa ya pili.

Kabla ya kushuka alimgeukia Walter na kumwuliza kuhusu mwaka jana. Walter alisema jambo hilo lilifungwa zamani, na kamati haifukui makaburi.

"Sawa, katibu," alisema Nyanchoka. "Nitakuuliza tena mwakani, na mwaka utakaofuata. Mimi sina haraka. Baiskeli ninayo."

Akaiweka simu ndani ya tyubu, akakaza mpira kwa meno, akashika njia ya Keroka.