Mguu wa Kushoto Utangulie

Alasiri, farasi wakubwa wakishaogeshwa na kurudishwa bandani, mfunzaji alimtandika Kiroboto, farasi mchanga aliyepewa jina hilo kwa kurukaruka kwake, akampeleka kiwanjani. Alikuwa na somo moja tu la kumpa. Farasi anayekimbia mbio za taratibu akizunguka kushoto, mguu wake wa mbele wa kushoto sharti utangulie. Akitanguliza wa kulia, hujipiga ngwala mwenyewe akamwangusha aliyempanda. Somo hilo hufundishwa konani, maana hapo mwili wa farasi umeshajipinda na mguu wa ndani hujitokeza bila kusukumwa. Mfunzaji alikuwa amelifundisha maisha yake yote, na wenye vichwa vigumu kuliko huyu walilielewa.

Kiroboto hakulielewa. Akizunguka kulia, raha mustarehe. Akizunguka kushoto, kona tatu alizipita vizuri. Ya nne, iliyo karibu na bomba la maji, alibadili miguu, akatanguliza wa kulia na kupita akiyumba kama meza mbovu.

"Mzee, unamwonea bure," alisema saisi, mtunza farasi, huku akikunja mpira wa maji. "Pale si amesimama dada?"

Ni kweli, alikuwa amesimama. Binti wa mfunzaji alikufa mwaka juzi kwa kuanguka na farasi kwenye kona hiyohiyo, na tangu azikwe alikuja kila siku ya kazi, amevaa buti zake, ana mchanga kwenye shavu la kushoto. Watu walimsalimia wakipita. Baba yake alidhani amefuata farasi tu, kwa jinsi alivyowapenda tangu utotoni, wala hakumsumbua kwa maswali. Isitoshe, aliona haya. Kiwanja kizima kilijua kwamba binti alikufa kwa kukosea mguu, na aliyemfundisha miguu ni yeye. Siku ya mazishi mkewe alimuuliza mbele za watu, "Ulimfundisha nini mwanangu?" Toka hapo walikula meza moja bila kutazamana.

Mfunzaji alishuka, akamwendea bintiye.

"Mama, hebu sogea kidogo farasi apite."

"Siwezi, baba. Nikisogea atadidimia."

Binti aliinua kisigino, kidogo tu. Mchanga ukabonyea, na chini yake ubao ukalia. Palikuwa na mtaro wa zamani pale, uliofunikwa kwa mbao na kumwagiwa mchanga juu. Akarudisha kisigino, ardhi ikatulia.

"Mguu wangu ulikuwa sahihi," alisema. "Wa kushoto ulitangulia, vilevile ulivyonifundisha. Ndio uliozama."

Mfunzaji aliketi palepale akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Saisi alimshikia farasi.

Bosi, mwenye kiwanja, aliitwa, akaja na kikombe chake cha chai. Alimsalimia binti, akamjulia hali, kisha akabonyeza mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Huu mtaro naujua," alisema. "Nilipanga tuuzibe msimu ukiisha."

"Basi waambie watu kwamba hakukosea."

"Nikisema hakukosea yeye, wataniuliza alikosea nani." Akapiga funda la chai. "Halafu, mzee, tukiuziba leo, yeye atabaki hapa kwa kazi gani? Ataenda zake jumla. Ndivyo unavyotaka?"

Koleo lilikuwa limeegemea ukuta, hatua chache tu. Mfunzaji hakuligusa. Alimtazama bintiye akijifuta mchanga shavuni, mchanga usiofutika, na roho ikamuuma kwa sababu alitaka mno abaki.

Jioni alimweleza mkewe kila kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamtazama usoni.

"Amechoka?"

"Hasemi."

"Huyo hata akiwa mgonjwa hasemi," mama alisema, akaenda kutafuta sweta la kumpelekea.

Baada ya hapo Kiroboto alijifunza upesi. Binti alimwita kwa kumpigia ulimi, akamwambia amkanyage tu, haumii. Farasi akamwamini. Lakini kila alipomkanyaga, binti alididimia kidogo mchangani, na mfunzaji akawa anamaliza kazi mapema kwa visingizio.

Mnunuzi alipokuja alitengewa kiti kivulini. Mfunzaji alipanda farasi mwenyewe, na kona zote tatu za mwanzo mguu wa kushoto ulitangulia. Mnunuzi aliuliza yule msichana mwenye sweta kwenye jua lote hili, aliyefukiwa hadi kifuani, ni nani.

"Wa mfunzaji," bosi alisema bila kushusha sauti. "Alifia palepale. Alikosea mguu, maskini."

"Pole sana, binti," mnunuzi aliita.

"Asante," binti alijibu.

Mfunzaji aliyasikia yote akiwa juu ya farasi. Alifungua mdomo aseme kwamba huo ni uongo mtupu, kwamba mwanawe hakukosea kitu. Lakini Kiroboto alikuwa ameshaingia konani, na binti ameshakaza meno kumsubiri.

"Jikaze, mama," alimwambia bintiye.

Akambana farasi ubavu wa kulia. Mguu wa kushoto ukatangulia, ukamkanyaga binti begani, ukapita salama. Mnunuzi akapiga makofi.