Kamanda na Meza ya Kukatia Nguo

Kama kuna watu waliozaliwa kuruka angani, mama alijua kwamba mwanawe hakuwemo. Alimjua tangu anatambaa. Ngazi fupi ya kubadilishia balbu ilimtoa jasho, na akipanda ghorofani hushika ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kazini alikuwa mtunza stoo wa duka la saruji, kazi ya kushinda chini, katikati ya mifuko na vumbi. Lakini nyumbani, tangu aliponunua ile ndege, aliitwa Kamanda. Jina alijipa mwenyewe, kisha akangoja watu walizoee.

Ndege yenyewe haikuwa na bawa wala tairi. Ilikuwa programu ya kupachika ndani ya mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani. Mchezo ulikuja na ndege zake za abiria, ila hizo Kamanda alizidharau, akasema ni mabasi. Akanunua mtandaoni nyongeza ya ndege ya kivita, moja tu, na toka siku hiyo neno "mchezo" likapigwa marufuku nyumba nzima.

"Mama, hapa hakuna kucheza. Waliotengeneza wameiga kila kitufe. Kuwasha injini tu ni kazi ya kusomea."

"Na pikipiki yako hapo nje, mbona haiwaki?"

"Ile ni plagi tu, mama."

"Basi si ungeanza na hiyo?"

Kamanda alivaa hedifoni. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali la maana.

Yote hayo mama angeyameza. Alikwisha kumvumilia marehemu mumewe, aliyefuga njiwa sebuleni, seuze ndege isiyokunya. Shida ilikuwa meza. Mke wa Kamanda alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani penye mwanga, pasi, kioo kirefu cha wateja, na katikati meza pana ya kukatia nguo. Kamanda aliomba pembe moja ya kuweka skrini. Mke akampa. Ikaja skrini ya pili, ya ramani. Ukaja usukani wa kushika kwa mkono mmoja, ukaja mkono wa kuongezea mwendo, zikaja na pedali za miguu. Hata wiki haijaisha, mwenye meza alikuwa sakafuni, amepiga magoti juu ya shuka, anakata gauni la bibi harusi huku mgongo ukimlia kama mlango mbovu.

Sasa Kamanda alitaka na cherehani itoke. Eti mlio wake unaingia kwenye kipaza sauti, na wenzake anaoruka nao mtandaoni wanamwuliza kama ameshambuliwa.

"Iende ukumbini," alisema. "Ukumbi si upo?"

Ukumbi ulikuwepo, mwembamba, bila dirisha, watu wakipita kwenda chooni. Nani atashona nyeupe juu ya nyeupe kwenye giza lile? Na mteja gani atavua nguo apimwe katikati ya njia? Mama aliona wazi kwamba cherehani ikivuka ule mlango, ushonaji wa mkwewe umekwisha. Mkwewe naye aliendelea kukata. Alikuwa na pini mdomoni, au alijifanya anazo.

Jumamosi mchana Kamanda alikuja na drili ya kuazima. Nyuma yake alifuata rafiki yake kinyozi, ambaye huruka ubavuni pake mtandaoni na kumlinda na maadui. Walitaka kufunga kiti sakafuni kwa skrubu, kiwe kama cha ndege kweli. Mama akasimama juu ya alama ya chaki waliyoichora ya kutobolea.

"Kabla hujatoboa nyumba, mwanangu, hebu nionyeshe unavyotua. Maana mimi nakaa chumba cha pili, na kila siku nakusikia ukilaani kwamba umetumbukia majini."

Kinyozi akaangua kicheko, halafu akakigeuza kikohozi.

"Kutua juu ya meli, mama, si kama kutua uwanjani," Kamanda alisema. "Meli inakwenda, mawimbi yanacheza..."

"Ndiyo nione. Ukitua, chumba chote chako, mimi mwenyewe nitaibeba cherehani. Ukizama, meza irudi kwa mwenyewe."

Mkwe alimtazama mama kama mtu ambaye nyumba yake inauzwa akiwa ndani anapika. Mama akamkonyeza kumtuliza. Alikuwa na hakika. Mtoto amemzaa yeye.

Kamanda akaketi. Akabonyeza hiki, akazungusha kile, akaomba ruhusa ya kuruka kwa sauti ambayo hakuwahi kumpatia bosi wake. Ndege ikapanda, ikazunguka bahari, ikageuka kuielekea meli, ambayo kwa mbali ilikuwa kama kiberiti kilichoanguka kwenye beseni.

"Oneni mafuta ya bure yanavyomwagika," alinong'ona mama.

"Kimya, tafadhali! Sasa sikilizeni. Magurudumu yakigusa, natia mwendo wote. Wote kabisa! Kwa sababu kulabu ya nyuma ikikosa waya wa melini wa kuisimamisha ndege, lazima niruke tena. Wajinga hupunguza."

Meli ikakua. Ndege ikayumba kushoto, ikayumba kulia, na mama, aliyekuja kucheka, akajikuta ameushika mgongo wa kiti. Magurudumu yakagusa. Injini ikanguruma. Kulabu ikanasa, ndege ikasimama ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Alikuwa ametua.

"Ametua!" kinyozi alipiga yowe. "Kamanda ametua!"

Kamanda akaruka kutoka kitini na hedifoni zake kichwani. Waya wa hedifoni ukavuta kibodi, kibodi ikaanguka kifudifudi, na kitufe kisichojulikana kikaachia kulabu. Mwendo ulikuwa bado wote. Huku rubani akikumbatiana na kinyozi, ndege yake iliondoka polepole, ikaongeza kasi, ikafika ukingoni mwa meli, ikatumbukia baharini bila mtu ndani.

"Maji hayo," mama alisema. "Meza irudi."

"Mama! Tulisema kutua. Nimetua au sijatua?"

"Na ndege iko wapi?"

"Ndege mbali, kutua mbali! Kinyozi, sema wewe!"

"Kutua, mama, ametua," kinyozi alisema akitazama viatu vyake. "Lakini kwa kweli sijawahi kuona mtu akizama baada ya kushinda."

Wakabishana mpaka drili ikasahaulika. Mama moyoni alijua mwanawe ana haki, na jambo hilo lilimchoma. Riziki ya mkwewe ameiweka rehani yeye mwenyewe, kwa kumdharau mtu aliyemzaa.

Mkwe akatema pini kiganjani.

"Ametua," alisema. "Mimi nimeona. Chumba ni chake."

Kamanda akavimba. "Mnamsikia mke wangu? Mtu wa haki."

"Njoo basi, shemeji, unisaidie kubeba," mkwe alimwambia kinyozi. Kinyozi akaifuata cherehani. Mkwe akampita, akaenda chumba cha kulala, chenye dirisha kubwa kuliko la mbele, akashika kitanda upande wa miguu. "Shika huko. Hiki kinakwenda kwa Kamanda. Cherehani na kioo vije huku. Meza mwachie, huku nitapata nafasi ya kuweka nyingine."

"Kitanda?" Kamanda aliuliza. "Kitanda cha nini?"

"Umeshinda chumba, mume wangu. Chumba kina kitanda. Kiti chako usikifunge karibu na ukuta, hapo yanakaa mashati yako."

"Na wewe utalala wapi?"

"Kwa mama. Kitanda chake kipana."

Mama hakungoja kuulizwa. Alikwenda kukunja shuka.

Jumatatu, Kamanda akiwa likizo, bibi harusi alikuja kujaribu gauni. Alisimama mbele ya kioo, mwanga wote ukimwangukia, mkwe amechuchumaa kwenye pindo. Ng'ambo ya ukuta mwanaume alipaza sauti, akapiga meza, akamlaani mtu.

"Ni nani huyo, dada?" bibi harusi aliuliza.

"Mpangaji," mkwe alisema. "Geuka kidogo, nione mgongo."

Mama akampa pini nyingine.