Tiketi ya Kumwona Gaju

Asubuhi ya Jumatatu Bazubagira alimkuta Mama Nadia mlangoni mwa depo yake, hapo mjini Baraka kwenye njia ya kushukia ziwani, akikata katoni za maziwa ya unga kwa kisu cha kupasulia samaki. Kila kipande kilitosha kiganja. Alikigonga muhuri wa depo, akakitupa kwenye sahani, akachukua kingine. Hizo ndizo zilikuwa tiketi. Mapajani alikuwa na simu mbili, na zote mbili zilikuwa zinaita.

“Mama, mi nataka kuona ile ngombe ya kwenye ukuta,” alisema Bazubagira.

“Batu bote banataka, Koko. Nafasi ya karibu iko nyuma ya Noeli.”

“Noeli iko mbali. Kiwele chake kimejaa.”

“Kiwele cha nani?”

“Cha ngombe yangu.”

Mama Nadia alimtazama bibi huyo mwenye kitenge kilichofuliwa mpaka maua yamesahau rangi, kisha akapokea simu. Mtu wa Bukavu alitaka nafasi kwa familia nzima. Naye akaambiwa nyuma ya Noeli.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa kwenye ukuta wa nyuma wa depo. Guy, yule anayechora majina kwenye mashua na vichwa vya wanawake kwenye saluni, aliitwa achore ng'ombe wa kutangaza maziwa ya unga. Sasa Guy ni mtu wa ziwa, ng'ombe anamjua zaidi akiwa kwenye sahani. Akachora mnyama mweupe, mnene, mwenye miguu ya meza, tena anacheka. Kulipokucha mnyama alikuwa mwekundu wa udongo, mwenye pembe ndefu, ya kushoto imevunjika ncha, na hakuwa akicheka hata kidogo. Alikuwa akicheua. Guy aliitwa, akaangalia, akasema rangi hiyo hana hata kopo moja, kisha akaenda kumalizia mashua aliyoiacha nusu ya jina.

Watu wa Baraka hawakulifanya jambo kubwa. Mama Nadia alizungushia mahali hapo mabati, akaweka mlango, akamsimamisha hapo kaka yake Idi, mwenye mashua, ambaye siku hizo moteri yake ilikuwa imekufa. Sheria zilikuwa chache: mtu mmoja tiketi moja, hakuna kugusa ukuta, hakuna kumulika, na ukisikia Idi amekohoa ujue muda wako umekwisha. Watu walitoka Mboko na ndagala zao, dagaa wakavu wa kula njiani, walitoka Uvira, walitoka Kalemie kwa mashua. Mwalimu mmoja wa Kilembwe alileta darasa zima kwa miguu. Wakirudi kwao walitumiana sauti kwenye simu, na sauti hizo zikaleta wengine. Mwanamke wa Uvira alisimulia kwamba ng'ombe alimwangalia tu, basi, na kabla hajafika Mboko alikuwa amekwisha kumsamehe mume wake mambo yote mpaka yale ambayo mume hajayafanya.

Wala Bazubagira hakuhitaji kuona ili ajue ng'ombe ni wake. Alikuwa amesikia habari ya ile pembe sokoni, alipokuwa akiuza lengalenga, mchicha wa huko, akayaacha mafungu yake hapo hapo. Gaju, ng'ombe wake, alivunja pembe kwenye jiwe, kule juu milimani, siku ya mvua. Bazubagira alikuwepo.

Kule juu ndiko kulikuwa kwao. Mchana mmoja watu wenye bunduki walikuja wakawaswaga ng'ombe wote, Gaju mbele kwa kuwa ndiye alizoea kutangulia, na nyuma yake ndama wake mchanga aliyekuwa hajapewa hata jina. Bazubagira aliteremka na watu wengine hadi ziwani. Mkononi alishika icyansi, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa, kwa sababu ndicho alichokuwa akikisafisha walipoingia. Baadaye alipanda hadi Fizi, kwenye ofisi, kutoa mashitaka. Karani Lionel, kijana wa heshima, alimpa kiti.

“Ngombe ngapi, Koko?”

“Kwetu habahesabu ngombe, mutoto wangu. Ukihesabu unaziita mabaya. Mi nitakupa majina.”

Akampa majina. Alianza na Gaju, akaenda polepole, kila jina na rangi yake na mama yake, na ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Lionel aliandika Gaju. Kisha akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho bila kupiga mwayo, akafunga dosiye, lile faili la mashitaka, akamshukuru. Kwa hiyo kwenye dosiye alipotea ng'ombe mmoja. Bazubagira alijua hivyo siku ile ile, akarudi mara nyingi kuomba wengine waongezwe, na kila mara alipewa kiti.

Basi Jumatatu ile, alipokosa tiketi ya karibu, alizunguka depo, akaketi chini upande wa nje wa mabati, pale yanapokutana na ukuta, akaegemeza mgongo. Alimwita aje, kwa sauti ndogo, kwa lugha ya nyumbani: “Gaju, ngwino. Ngwino, mama.” Upande wa pili alisikia kwato zikikwaruza saruji.

Ndani, wageni waliona ng'ombe akigeuka na kuwapa mgongo. Siku hiyo hakurudisha uso tena, wala kesho yake, maana kesho yake Bazubagira alirudi na kikapu chake cha lengalenga na kuketi pale pale. Sauti za kwenye simu zikabadilika. “Tulilipia uso, tukapewa mukia,” alilalamika mtu wa Kalemie, na akaisema mara mbili ili isikike vizuri. Wengine walisema ng'ombe analia, kilio cha chini cha tumbo, na kwamba kiwele kimevimba mpaka rangi ya ukuta inaanza kupasuka. Mgeni mmoja aliomba abadilishiwe tarehe, apewe siku ambayo mnyama ana furaha.

Mama Nadia alizunguka depo mwenyewe.

“Kumbe ni wewe, Koko, unatugeuzia ngombe.”

“Ananiangalia mimi. Anaumwa. Ngombe yenye haikamuliwi, kiwele kinaoza, na kisha anakufa.”

“Hata ya kwenye ukuta?”

“We uliona inacheua, ao hukuona?”

Mama Nadia alikuwa ameona. Akamtazama yule bibi, akatazama mabati ambayo sasa yalitikisika kidogo, maana upande wa pili mnyama alikuwa anayasukuma kwa pua. Hakubisha kwamba ng'ombe ni wake. Baraka nzima haikubisha, jambo lilikuwa wazi. Ila mstari ni mstari. “Mukubwa wa serikali ya teritware mwenyewe alisimama mu mustari,” alisema. “Bila tiketi, hakuna mutu anaingia. Mi nitakupa nafasi ya kesho asubui, ya kwanza kabisa. Na tiketi utashika mukononi kama batu bote.” Bazubagira aliona ni haki. Usiku huo aliisafisha icyansi kwa moshi wa majani, kama desturi.

Alipoingia kesho yake Gaju alikuwa amekwisha kugeuka. Alinyoosha shingo mpaka ukuta ukafanya kitambi, akanusa kitenge, akanusa nywele za yule bibi, akapumua. Bazubagira alimshika uso kwa mikono miwili, sheria ya kugusa ikafa hapo hapo, na alilia kwa raha bila kujificha. Idi alikohoa kwa mazoea, kisha akaona haya.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kwa desturi ya kwao Bazubagira, mwanamke anasafisha chombo, anatunza maziwa, anasukasuka siagi. Kukamua ni kazi ya mwanamume. Mume wake alikuwa amezikwa kule juu, wanawe walikuwa ng'ambo ya ziwa. Hakuwa amewahi kukamua ng'ombe, na hakutaka kuanza kumkosea Gaju adabu siku ya kukutana. Akageuka akamtazama Idi.

“Papa Idi, unawe mikono.”

“Mi niko mutu wa mashua, Koko. Mi najua kuvuta kamba ya moteri tu.”

“Ndiyo vile utajifunza.”

Idi alichuchumaa. Alivuta jinsi alivyozoea kuvuta, na Gaju akampiga mkia usoni, mkia wenye harufu ya rangi ya mafuta. “Taratibu,” alisema Bazubagira. “Hii haiko moteri. Haikatai kuwaka, inangojea uiheshimu.” Akamwonyesha hewani, vidole vikifunga kutoka juu kwenda chini, bila yeye mwenyewe kugusa. Idi akajaribu tena. Kwanza alipata rangi ya waridi vidoleni, kwa kuwa Guy alichora chuchu kwa rangi iliyobaki kwenye saluni. Kisha maziwa yakatoka, yakagonga chini ya icyansi kwa mlio ule ambao Bazubagira hakuwa ameusikia tangu kule juu. Idi alicheka peke yake, mtu mzima na ndevu zake, na hakutaka kuacha.

Maziwa yalijaa chombo, wakaomba ndoo, nayo ikajaa. Nje mstari ulikuwa umefika kwenye njia ya ziwani. Kwa Bazubagira jambo lilikuwa rahisi: watu hawa wamekuja nyumbani kwa ng'ombe wake, na mgeni haondoki hivi hivi.

“Lakini mutu hanywi maziwa amesimama,” alisema mlangoni. “Ni kumukosea ngombe. Mukae.”

Wakakaa. Mstari wote ulikaa chini, kuanzia mabatini hadi kwenye njia, wenye suti juu ya vitambaa vyao, bamama juu ya vitenge, wanafunzi juu ya madaftari. Kikombe kilipita. Mtu wa Bukavu aliyekuwa amepiga simu Jumatatu na kuja bila nafasi, kwa ujeuri wake, alikunywa na kubaki na mdomo mweupe, na hakuna aliyemwambia, walimwacha afurahie. Mama Nadia alikunywa vikombe viwili, yeye na maziwa yake yote ya unga rafuni. Watu walianza kuimba, Walokole wimbo wao, Waislamu kaswida yao, na kwa kuwa vyote vilikuwa vya kushukuru havikugombana.

Tangu siku hiyo tiketi zilipendwa kuliko mwanzo. Idi alikamua kila asubuhi, moteri yake akaisahau. Bazubagira, akiwa amekaa kwenye mstari, alisimulia majina ya ng'ombe wengine, na wageni wakayashika.

Hayo yakampa Bazubagira nguvu, akapanda pikipiki hadi Fizi. Njia nzima alifurahi. Sasa kulikuwa na Gaju, na watu walikuwa wamemwona. Sasa ofisi ingeuliza nani alimswaga, na wenzake wako wapi. Lionel alimpa kiti. Alikuwa amesikia habari, hata alikuwa na nafasi yake, aliyoiomba zamani, ya tarehe kumi na tano.

“Pongezi, Koko. Dosiye yako tumeifunga.”

“Mumeifunga namna gani?”

“Ngombe yenye ilipotea ni Gaju. Gaju iko Baraka, kwenye ukuta, kila mutu anajua. Imepatikana.”

“Na bengine? Na bale benye babunduki?”

“Bengine habako mu dosiye,” alisema Lionel kwa upole wa kweli, na akamletea maji.

Bazubagira aliyanywa. Njia nzima ya kuteremka alimwambia motari, yule mwendesha pikipiki, aende polepole, si kwa kuogopa kona, ila hakutaka kufika Baraka na uso ule wa uchungu. Usiku hakulala vizuri.

Asubuhi alichukua tiketi yake, akakaa kwenye mstari na wengine. Mlango ulipofunguliwa, chini ya tumbo la Gaju palikuwa na miguu ya ziada. Ilikuwa miembamba, inatetemeka, na juu yake kichwa kidogo chekundu kilikuwa kinanyonya kwa fujo, povu likidondoka kwenye saruji. Guy, aliyeitwa tena, alisema hajashika brashi tangu Ijumaa. Bazubagira alimtambua ndama mara moja. Hakuwa amekua hata kidogo. Pale alipokuwa, nyakati hazikuwa zimempitia. Furaha ilimpanda hata akacheka kwa sauti, akampiga Idi begani.

“Anaitwa nani?” aliuliza Idi.

Alikuwa hana jina, ndiyo maana hata siku ile ya majina ofisini hakutajwa. Kwao ndama hupewa jina kwa jambo la siku hiyo. Bazubagira alifikiri kidogo.

“Dosiye,” alisema.

Jina lilipita mstarini pamoja na kikombe. Watu wakaliita, bamama wakaliita, ndama akasimamisha masikio, na kila alipoitwa alikuja mbio hadi ukingoni mwa ukuta na kuteleza.

Tarehe kumi na tano Lionel alifika. Alikuwa amevaa shati jipya na ameshika tiketi yake kwa vidole viwili, isikunjike. Aliketi chini bila kuambiwa, karibu na Bazubagira, akapewa kikombe akakunywa chote. Zamu ya kuita ilipomfikia aliita kama wengine, kwa sauti ya ofisini, iliyonyooka: “Dosiye. Dosiye, kuya.” Ndama akamjia, akamlamba mkono wa kuandikia. Lionel alisema hajawahi kupata siku nzuri kama hii, na alimaanisha. Kisha Idi alikohoa, na Lionel akapanda pikipiki akarudi Fizi, ambako dosiye ilibaki imefungwa.

Bazubagira aliosha icyansi, akaifunika. Akazunguka hadi mlangoni mwa depo, ambako Mama Nadia alikuwa anakata katoni, akaomba tiketi ya kesho.