Kivuli cha Kanze Hakikupanda Ndege

"Nilikwambia chupa iingie kwenye kibegi cha mkononi—"

"Ulisema kibegi, hukusema—"

"—nikakuonyesha kwa kidole, Tom, kwa kidole hiki hapa—"

"—hukusema cha rangi gani, na vibegi vyako vimejaa nyumba nzima."

Maneno hayo yote yalipita juu ya kichwa cha Kanze, kwa sababu Kanze ndiye aliyepewa kiti cha katikati. Dirishani alikuwa Mwikali, mwajiri wake. Upande wa njia alikuwa Tom, mumewe Mwikali. Mapajani Kanze alikuwa amempakata Tony, mtoto wao wa miezi mitano, ambaye ndiye mwenye chupa. Chupa yenyewe ilikuwa chini kwenye tumbo la ndege, ndani ya sanduku, pamoja na mkebe wa maziwa ya unga na taulo za kuogelea.

Walikuwa wakienda likizo Kisumu. Watu wa Kisumu huja Mombasa kuona bahari. Tom na Mwikali walikaa Tudor, waliiona bahari kila walipoanika nguo, basi wakaona heri wakaangalie ziwa.

Ndege ikaanza kutembea. Mwikali alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mtoto mchanga asiponyonya ndege inapopaa, masikio yatamuuma. Habari hiyo alimsomea Tom, akamsomea Kanze, akamsomea mpaka dereva wa teksi. Sasa akageuka, akamtazama Kanze kifuani kama mtu anayetazama kabati ambalo hakumbuki kama alilifunga.

"Kanze. Wewe si unanyonyesha?"

Kanze alikuwa akinyonyesha, ni kweli. Alikuwa na binti yake, Mbodze, aliyemtangulia Tony kuzaliwa kwa mwezi mmoja. Tiketi zilipokuwa zikikatwa, Kanze aliuliza kama Mbodze naye angeweza kuja, angekaa mapajani tu. Mwikali alimjibu kwa upole kwamba hii ni likizo ya familia. Kwa hivyo Mbodze alibaki Majengo kwa jirani, Mirriam, na Kanze akaja kuibeba familia.

Kule Tudor, Kanze kumpa Tony titi ilikuwa marufuku. Mwikali alisema hajui Kanze anakula nini. Kanze alikuwa akila walichobakisha.

"Ninanyonyesha, mama Tony," akasema Kanze.

"Basi mpe. Leo tu."

Kanze akafungua vifungo, akampa. Tony akashika, akavuta mara moja, akavuta tena, akaachia. Akamtazama Kanze kama mtu aliyefungua friji akakuta maji matupu. Halafu ndege ikapaa, na Tony naye akapaza sauti.

"Mbona hanyonyi?" Tom akauliza.

"Hamna kitu, baba Tony."

"Yameenda wapi?" akauliza Mwikali.

"Yamebaki Majengo."

"Yamebakije Majengo nawe uko hapa?"

"Yamebaki na kivuli," akasema Kanze.

Ilikuwa hivi. Walipokuwa wakitembea juani kuiendea ngazi ya ndege, Kanze alikiona kivuli chake kikisimama kwenye ule mstari wa njano. Yeye akapiga hatua, chenyewe hakikupiga. Kikageuka, kikarudi kilikotoka. Kikampita askari wa mlangoni, naye hakukiuliza kitu kwa sababu hakikuwa na mzigo. Kanze alitaka kusema, lakini asubuhi ile aliambiwa asije akawaaibisha uwanja wa ndege, akaona anyamaze. Alipokaa kitini na kufunga mkanda, kifua chake kilikuwa chepesi. Akajua kivuli kimeondoka na maziwa.

Mwikali akatazama chini. Jua liliingia dirishani likapiga mapajani mwao. Kivuli cha mkono wake kilikuwapo. Kivuli cha kichwa cha Tony kilikuwapo, kimefungua mdomo. Pale alipokaa Kanze palikuwa na mwanga tu, kama hapana mtu.

"Lakini tumekata tiketi ya mtu kamili," Tom akasema.

Hilo ndilo lililomuuma Tom, na lilimuuma mpaka Kisumu.

Taa ya mikanda ilipozimwa, mhudumu akaja, jina lake Jacinta limeandikwa kifuani. Tom akamweleza shida kwa utaratibu, kama mtu anayelalamikia chumba cha hoteli. Jacinta akainama, akaangalia sakafu, akatikisa kichwa.

"Hutokea," akasema. "Wiki jana kuna mzee aliisahau sauti yake pale kwenye ukaguzi. Alikunywa kahawa kwa ishara safari nzima. Vitu vya namna hiyo, kama havikupita kaunta, sisi hatuna jukumu."

"Na mtoto?"

"Tuna soda, tuna maji, tuna njugu."

Hapo abiria wakaanza kusaidia. Bwana mmoja wa nyuma, mwenye kofia ya kutalii, alisema watoto wake wote walipanda ndege na hakuna aliyelia, wamnyweshe maji ya sukari. Mwingine akasema sukari ni sumu. Mwingine akasema tatizo ni kofia ya mtoto. Mama mmoja wa mbele, amevaa miwani juu ya paji la uso, akageuka na kiti chake chote.

"Kwani mama mzazi ni nani hapo?"

"Ni mimi," akasema Mwikali.

"Basi si umnyonyeshe."

Mwikali akageukia dirisha. Kanze akayajua yale ambayo Mwikali hakuyasema, maana mbeba mtoto husikia mengi. Mwikali alirudi kazini mtoto akiwa bado hajashika shingo vizuri. Ofisi ilimpa stoo ya karatasi akamulie humo. Kila alipoanza, mtu aligonga akitaka wino wa printa. Baada ya majuma machache maziwa yalichoka kugongewa, yakaacha kuja. Ofisi ilimwandikia barua ya kumpongeza kwa kuzoea kazi upesi.

"Hicho kivuli," Mwikali akasema polepole, bado akilitazama wingu. "Kilikuaga?"

"Hapana, mama Tony. Kilienda tu."

Tony alilia juu ya Mariakani, na ziwa lilipoonekana alikuwa bado analia, ila sauti imekwaruza. Jacinta alimnywesha maziwa ya chai ya wahudumu kwa kijiko, na mengi yakaishia kwenye shati la Tom. Mwikali alimbeba kidogo, akapiga picha, akamrudisha. Kisumu sanduku likatoka, chupa ikatoka ndani ya sanduku, nzima, imefungwa kwa soksi.

Jioni ile Kanze alijibanza nyuma ya jiko la hoteli, akasikiliza sauti aliyotumiwa na Mirriam.

"Mwenzangu, kivuli chako kimefika. Hakina salamu, lakini maziwa kinayo. Mtoto yuwanyonya mpaka yuwasinzia. Maziwa yenyewe rangi yake ya kijivujivu, nikaonja, ni maziwa. Wala usiwe na wasi. Ila uniambie, hiki chala nini?"

Kanze akamjibu kwamba hajui, hajawahi kukipikia.

Ikawa hivyo likizo nzima. Mchana Kanze alimpa Tony chupa kando ya bwawa la kuogelea, Tom na Mwikali wakibishana kama ziwa ni kubwa kuliko bahari. Jioni Mirriam alituma habari. Saa za adhuhuri, alisema, kivuli hukatika kikawa kifupi kama mtoto wa chekechea, kikashindwa kumbeba Mbodze, basi saa hizo humbeba yeye mwenyewe. Stima zikipotea hukiwashia taa ya kandili: ukiiweka taa chini sakafuni, kivuli kinarefuka mpaka kinafika dari, na siku moja kilimfukuza paka wa jirani bila ya kuondoka kwenye mkeka. Mwenye nyumba, mzee Chirau, alikuja kuuliza kama huyu ni mpangaji mpya. Akakizunguka, akaona hakitumii maji wala choo, akasema laiti wapangaji wote wangekuwa namna hii.

Siku moja tu kulikuwa na kasheshe. Mirriam hukaanga mahamri na kuyapeleka kwa wateja wake Mji wa Kale, na asubuhi hiyo Mbodze alikuwa mgongoni kwake, kivuli kikifuata nyuma. Walipoingia vichochoroni Mirriam akageuka, hakioni. Vichochoro vile kuta zimekaribiana, jua lenyewe huingia kwa kuchungulia, na kila nyumba imeshamwaga kivuli chake njiani. Kivuli kimoja cha mwanamke wa Majengo kilizama humo kama tone la chai kwenye sufuria ya chai.

"Nikaanza kuuliza watu," Mirriam akasema. "Mmekiona kivuli hapa, cha mwanamke, chembamba, chatembea haraka? Waniambia vivuli ni vingi, bibiye, wewe chako chavaa nini?"

Mbodze ndiye aliyekipata. Alipinda shingo mgongoni kwa Mirriam, akanyoosha mkono kwenye baraza moja ambako mabibi watatu walikuwa wamekaa wakipata kahawa. Kivuli kilikuwa kimekaa kati yao, kimechoka. Mabibi walikuwa wamenuna. Hawakununa kwa kuwa ni kivuli. Walinuna kwa kuwa kilifika kikakaa bila ya kuamkua, hata "hujambo" moja hakikusema. Mirriam aliwaomba radhi kwa niaba yake, akawaachia mahamri, na kivuli kikamnyonyesha Mbodze palepale barazani. Bibi mmoja alikivutia mto kikae vizuri. Akasema hakina adabu, lakini kina mtoto.

Kanze aliisikiliza habari hiyo mara nyingi. Kila ilipofika pale pa mto, aliirudisha nyuma.

Likizo ikaisha. Kwenye ndege ya kurudi Mwikali aliikumbatia chupa kama ndiyo mtoto, na Tony akanyonya wakati wa kupaa, akanyonya wakati wa kutua, na masikio yake yakawa salama. Walipotoka nje ya uwanja, kivuli hakikuwapo kuwapokea. Kanze alisimama juani, chini yake sakafu nyeupe.

"Hakikuja," akasema Tom. "Hata adabu ya kuja kupokea watu."

"Twende Majengo moja kwa moja," Mwikali akamwambia. "Siwezi kuanza wiki na nusu mtu."

Tom aliegesha gari karibu na msikiti, akabaki ndani ya gari kulinda vibegi. Mwikali akamchukua Tony, akamfuata Kanze hadi ndani.

Jua la saa kumi na moja liliingia mlangoni, likalala ukutani. Kwenye ukuta huo kilikaa kivuli cha Kanze, kimekunja miguu. Mbodze alikuwa amelala kwenye mkeka ubavuni mwa ukuta, mdomo ameubandika kwenye chokaa, ananyonya huku akipiga teke moja moja. Alikuwa amenenepa. Mirriam alikuwa pembeni akisukuma unga. Alisimama, akawakaribisha, akauliza habari za safari, habari za huko, habari za ziwa. Halafu akarudi kwenye unga wake.

Kanze alipiga magoti mkekani. Alimshika Mbodze mguu tu. Hakumtoa titini.

Mwikali aliuambia ukuta: "Likizo imeisha."

Kivuli kikainua kidole kimoja, kumwambia angoje.

Mwikali hakuzoea kungojeshwa na mtu, sembuse ukuta. Lakini hapakuwa na meneja wa kumwita. Akavuta mtungi wa maji uliokuwa mtupu, akaukalia, Tony mapajani. Kivuli kikamaliza upande mmoja, kikamgeuza mtoto upande wa pili. Nje Tom akapiga honi. Kivuli hakikuharakisha. Mwikali alikitazama na mkono wake mwenyewe ukaenda kifuani, ukakaa hapo, kama anayetafuta kalamu.

Mbodze aliposhiba alicheua. Kivuli kikasimama, kikampapasa kichwa, kikashuka ukutani, kikapita sakafuni polepole mpaka miguuni kwa Kanze, kikajishika hapo kwenye visigino kama kawaida. Papo hapo blauzi ya Kanze ikalowa. Kanze akampakata mwanawe, na Mbodze, aliyekuwa ameshiba, akanyonya tena, kwa kuhakikisha.

Tony akasikia harufu. Akaanza kunung'unika, akinyoosha mikono. Mwikali akampa chupa.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," akamwambia Kanze. "Na mje wote wawili. Sitaki kusikia kivuli kimebaki."

"Wote watatu, mama Tony?" akauliza Kanze, akimtazama Mbodze.

"Nimesema wawili."

"Sawa, mama Tony."

Mirriam aliendelea kusukuma unga, ila sasa alikuwa akiusukuma kwa nguvu.

Tom akapiga honi ndefu. Mwikali akainuka, akajipangusa, akafika mlangoni. Hapo akasimama. Jua lilimpiga mgongoni na kivuli chake kikaingia chumbani, kirefu, kimembeba Tony, kikalala mkekani mbele ya Kanze. Mwikali alikiangalia. Aliangalia na nje, kule gari lilikokuwa, kisha akarudi hatua moja ndani na kuinama mpaka Kanze akasikia manukato yake.

"Kanze, dadangu," akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hakuwahi kumwita mtu dada. "Kiombe hicho chako kinifundishie changu kubaki. Jumatatu nina mkutano mpaka jioni."