Vyumba vya Jamila

Ziwa lilipoimeza nyumba yetu ya Rumonge, tulihamia kwenye hema: mimi, baba, mama na dada yangu Jamila. Jamila alikuwa amesomea usanifu wa majengo Bujumbura, lakini kazi hakupata. Siku zile aliona kwenye simu shindano la vijana la kubuni makazi ya angani, akaanza kuchora.

Kazi yangu ilikuwa kukata makatoni ya sabuni kwa ajili ya mifano ya vyumba; yeye anabandika. Kila chumba kilikuwa na pande kumi na nne, nane za pembe sita na sita za mraba. Ukivipanga vinashikana bila kuacha upenyo, na watu wakizaliana unaongeza chumba kingine.

Baba alitutazama kwa siku kadhaa, kisha akasema, "Batu iko banalala mu maji. Weye unajengea nani kule juu?"

"Kule hakuna ziwa, baba," Jamila akajibu.

Kesho yake baba alirudi na gundi ya mafundi viatu.

Mvua za Aprili zikaleta kipindupindu. Asubuhi Jamila alikuwa anatapika, adhuhuri hawezi kusimama. Tulimpakia kwenye pikipiki, mama amemshika kwa nyuma. Alifia hospitali kabla ya magharibi.

Tukiwa bado kwenye msiba, ujumbe uliingia kwenye simu ya Jamila. Mradi aliotuma kwenye shindano umechaguliwa kuingia fainali, aje aueleze kwa video. Mama alitaka tukatae.

"Manar, weye ndiye ulikata," baba akaniambia. "Enda useme."

Alinisindikiza hadi duka la intaneti, akaketi pembeni yangu amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Niliwaonyesha waamuzi vyumba mbele ya kamera. Waliuliza milango inakaa upande gani, hewa inapitaje, hayo niliyajua. Kisha mama mmoja kati yao akauliza kwa Kifaransa kwa nini kila chumba kina vitanda vinne, si vitatu wala sita.

"Nyumbani tulikuwa wanne," nikasema.

Alinishukuru, wakawaita washindani wengine.

Hatukushinda. Jioni ile mama alivipanga vyumba juu ya sanduku la nguo, akaniuliza ni kipi ambacho Jamila alikibandika kwa mikono yake.

"Vyote, mama."

Akaketi chini, akaanza kuvishika kimoja kimoja.